Haijafika na Haikufika: Uhakiki wa Mwongozo wa Barua Pepe Zinazorejeshwa

UTANGULIZI

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mbele yetu ili yakaguliwe lugha, yamo mengi ambayo hayapati kusifiwa wala kulaumiwa hadharani: fomu, matangazo, maelekezo ya mashine na miongozo ya kazi za ofisini. Hayo hayahesabiwi kuwa fasihi, na wahakiki hawayagusi. Hata hivyo ndiyo maandishi ambayo mwananchi huyasoma akiwa na haja, na mara nyingi akiwa na haraka. Kosa la lugha katika shairi humuudhi msomaji. Kosa la lugha katika maelekezo humpotezea msomaji kitu chake. Kwa sababu hiyo tumeona ni vyema tuhakiki hapa andiko moja la aina hiyo, kwa uzito uleule ambao vitabu hupewa.

Andiko lenyewe ni mwongozo wa kurasa chache, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya makarani, walimu na watendaji, unaoeleza la kufanya pindi barua pepe inaposhindwa kumfikia mwandikiwa. Tuliukuta Chunya, mkoani Mbeya, ukiwa umebandikwa ukutani juu ya kompyuta ya ofisi moja. Hatutaitaja ofisi hiyo, wala mfasiri hatumjui kwa jina. Shabaha yetu si kumtafutia mtu lawama. Kwa hakika mfasiri huyo anastahili shukrani kwa jambo moja kubwa: aliona kwamba karani anayeandika barua zake zote kwa Kiswahili hapaswi kuelezwa tatizo la barua hizo kwa lugha nyingine. Sentensi zake ni fupi, na maneno kama barua pepe, kiambatisho na nywila ameyatumia kwa uthabiti kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunachohakiki ni pale alipokosea, na sababu iliyomfikisha hapo. Sehemu ya sababu hiyo, kama tutakavyoona, ni sisi watunga istilahi.

YALIYOWAPATA WASOMAJI

Kabla ya kuingia katika maneno, tueleze mambo mawili tuliyosimuliwa na watu waliotumia mwongozo huo.

Karani wa kwanza alituma Mbeya orodha ya walimu waliotakiwa kuhudhuria semina. Muda si muda ikaja taarifa kwamba kuna tatizo. Akautazama mwongozo, nao ukamwambia: "Ikiwa barua pepe imeshindikana kutumwa, subiri, mfumo utajaribu tena." Akasubiri siku tatu. Hakuna mfumo uliojaribu tena, kwa kuwa anwani ilikuwa na kosa la herufi moja, na kosa la anwani haliponi kwa kusubiri. Siku ya mwisho ya kupokea majina ikapita, na walimu wale hawakuitwa.

Karani wa pili barua yake ilirejea pamoja na maelezo kwamba kisanduku kimejaa. Mwongozo ukamwagiza: "Kisanduku kimejaa. Futa barua zisizohitajika." Akafuta barua zake za miaka kadhaa, zikiwamo nyingine ambazo nakala yake haikuwako mahali pengine popote. Alipotuma tena, barua ikarejea vilevile. Kisanduku kilichojaa hakikuwa chake. Kilikuwa cha yule aliyemwandikia.

Wote wawili wanajua kusoma, tena waliyafuata maelekezo kwa uaminifu. Kilichowaponza ni sentensi.

SAFARI YA BARUA PEPE

Haiwezekani kuzihakiki istilahi za jambo bila kulijua jambo lenyewe. Mtu anapobonyeza kitufe cha kutuma, barua haiendi moja kwa moja kwa mwandikiwa. Huenda kwanza kwenye seva ya upande wa mwandishi, yaani kompyuta inayotoa huduma ya barua. Seva hiyo husoma sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, ambayo ndiyo kikoa, kisha huuliza katika daftari la majina la intaneti ni seva ipi inayopokea barua za kikoa hicho. Ikiisha kuipata, hubisha hodi.

Seva ya upande wa pili hujibu kwa tarakimu tatu. Utaratibu huo uliwekwa na Mmarekani Jon Postel katika waraka wa mwaka 1982, na ingawa waraka huo umeandikwa upya, mara mojawapo ikiwa ni mwaka 2008, msingi wake haukubadilika. Majibu yanayotuhusu hapa ni ya namna tatu. Jibu linaloanza na 2 maana yake ni "nimepokea". Linaloanza na 4 maana yake ni "siwezi kwa sasa, rudi baadaye". Linaloanza na 5 maana yake ni "sipokei, wala usirudi na barua hiyo jinsi ilivyo". Seva ikijibiwa 4 huitunza barua na kujaribu tena. Waraka wa 2008 unashauri ipite angalau nusu saa kati ya jaribio na jaribio, na seva isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Ikijibiwa 5 haijaribu tena. Humwandikia mwandishi taarifa na kumrejeshea barua yake.

Pamoja na tarakimu hizo huja namba nyingine yenye sehemu tatu zilizotengwa kwa nukta. Sehemu ya kwanza hurudia lile jibu la 2, 4 au 5. Sehemu ya pili hutaja mahali penye tatizo: 1 ni anwani, 2 ni kisanduku cha mwandikiwa, 3 ni seva inayopokea, 4 ni njia ya mtandao, 7 ni usalama. Kwa hiyo 5.1.1 ni kisanduku kisichokuwako, 5.1.2 ni kikoa kisichojulikana; 5.2.2 au 4.2.2 ni kisanduku cha mwandikiwa kilichojaa, 5.3.4 ni barua iliyopita kiasi kwa ukubwa, na 5.7.1 ni barua iliyokataliwa. Hakuna la ajabu hapo. Mwanafunzi wa darasa la saba akifundishwa nusu saa ataelewa.

POSTA ILIKWISHA KUTUFUNDISHA

Jambo hili si geni hata kwa barua za karatasi. Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka 1874, umeweka kibandiko kinachogundishwa juu ya barua isiyoweza kufikishwa, na karani wa posta hutia alama kwenye sababu inayohusika: mwandikiwa hajulikani, amehama, amekataa, hakuja kuichukua, au anwani ina upungufu. Chunya yenyewe ni mahali pazuri pa kulikumbuka jambo hilo. Katika miaka ya 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa yalivuta watu kutoka kila upande, na mchimbaji huhama pale dhahabu inapohamia. Barua iliyoandikwa "amehama" na barua iliyoandikwa "hajulikani" zote mbili zimerudi, lakini aliyezituma hufanya mambo tofauti: kwa ya kwanza huuliza anwani mpya, kwa ya pili hukagua jina aliloliandika.

Zaidi ya hayo, Mtanzania amezoea kuifuata barua yake kwenye sanduku la posta, wala si kuletewa mlangoni. Anajua kwamba sanduku linaweza kujaa, na kwamba sanduku lisilolipiwa hufungwa. Kwa hiyo maneno ya kumweleza habari za barua pepe anayo tayari. Ni ajabu kwamba mwongozo wetu, uliokuwa na hazina hiyo karibu, umezikusanya sababu zote katika neno moja: imeshindikana.

KUTUMA NA KUFIKISHA

Kosa la kwanza ndilo mama wa mengine. Kichwa cha mwongozo chasema "Barua Pepe Ambazo Hazikutumwa". Lakini zilitumwa! Kama zisingetumwa zisingerudi. Katika Kiswahili kutuma ni tendo la mtu anayekiachia kitu kiende, nalo hukamilika kitu kinapomtoka mkononi. Kufikisha ni tendo la aliyetumwa. Mama akimtuma mtoto dukani, naye mtoto akapotelea mchezoni, hatusemi kwamba hakutumwa, twasema hakufika. Mfasiri aliposema "hazikutumwa" alimbebesha karani kosa la seva, na karani akaanza kutafuta kasoro katika kompyuta yake na katika vidole vyake.

Tunapendekeza hatua nne zitofautishwe daima: imetumwa, imepokewa na seva, imefika kisandukuni, imesomwa. Hakuna hata moja inayothibitisha inayofuata. Barua iliyojibiwa 2 imepokewa na seva, lakini yaweza kutiwa katika barua taka ikakaa humo bila ya mwandikiwa kuiona, na bila ya mwandishi kupata taarifa yoyote. Karani aliyefunzwa kusema "imetumwa" akidhani amesema "imefika" hatampigia mtu simu kuuliza.

Hapa tunataja pia neno mpokeaji. Mtu ambaye barua haikumfikia hajapokea kitu. Vipi aitwe mpokeaji? Walimu wa Kiswahili wamewafundisha wanafunzi kwa miaka mingi kuandika anwani ya mwandikiwa. Neno hilo ni sahihi, linajulikana, na halidai kwamba safari imekwisha.

HAIJAFIKA NA HAIKUFIKA

Kosa la pili ndilo lililowakosesha walimu semina. Taarifa za seva ni za aina mbili: moja yaeleza kwamba barua imechelewa na majaribio yanaendelea, ambayo ni jibu la 4, nyingine yaeleza kwamba majaribio yamekwisha, ambayo ni jibu la 5. Mwongozo umezitafsiri zote mbili kwa "imeshindikana", kisha umeweka agizo moja la kusubiri. Agizo hilo ni la kweli kwa taarifa ya kwanza na ni la uharibifu kwa ya pili. Na hata lingegeuzwa kuwa "tuma tena" lisingefaa, maana anayetuma tena barua iliyochelewa tu huishia kumjazia mwenzake nakala tatu au nne za jambo moja.

Katika jambo hili hatuhitaji kubuni istilahi. Sarufi yetu imekwisha kulitatua. Lugha nyingi hulazimika kuongeza neno zima ili kutofautisha jambo ambalo bado halijatokea na jambo ambalo halikutokea kabisa. Kiswahili hufanya hivyo kwa silabi moja ndani ya kitenzi. "Haijafika" yaacha mlango wazi: safari inaendelea, ngoja. "Haikufika" yafunga mlango: safari imekwisha, fanya jambo. Mtoto wa Chunya anayeulizwa kama basi la Mbeya limekuja hujibu "halijaja" au "halikuja", na muulizaji hujua mara moja kama asubiri au atafute njia nyingine. Tofauti ya 4 na 5 ndiyo hiyo hiyo. Mfasiri alikuwa nayo kinywani tangu utotoni, lakini alipoketi kutafsiri aliiweka kando akachukua "imeshindikana", kwa sababu lilionekana kuwa neno la kiofisi zaidi.

KISANDUKU CHA NANI?

Kosa la tatu ndilo lililofuta barua za karani wa pili. "Kisanduku kimejaa" ni sentensi safi kisarufi, lakini haina mwenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida, kitu kisichotajwa mwenyewe huchukuliwa kuwa ni cha msikilizaji. Ukimwambia mtu "mlango uko wazi", hatakwenda kuufunga mlango wa jirani. Mfasiri angeongeza neno moja tu, "kisanduku chake kimejaa", au bora zaidi "kisanduku cha mwandikiwa kimejaa", karani angejua kwamba dawa haimo mikononi mwake. Angempigia simu mwandikiwa amweleze, basi.

Tuongeze kwamba maelezo ya chanzo nayo hayakukamilika. Katika baadhi ya huduma za bure nafasi ya barua hushirikishwa na vitu vingine. Kwa mfano, Google hutoa gigabaiti 15 kwa barua, mafaili na picha kwa pamoja; picha za harusi zaweza kukizuia kisanduku cha mwalimu mkuu kisipokee barua ya kikazi. Kumwambia mtu wa namna hiyo afute barua tu ni kumwambia atoe maji kwa kijiko.

Katika ukurasa huohuo imeandikwa "barua ni ndefu mno" pale ambapo seva imelalamikia ukubwa. Neno hilo laelekeza mawazo kwenye maneno, na msomaji mwema atapunguza salamu na aya zake, ilhali tatizo limo katika kiambatisho. Watumiaji wenyewe wamekwisha kupata neno: husema faili nzito. Tunaliunga mkono. Afadhali pia aelezwe kwamba kiambatisho hugeuzwa umbo kabla ya kusafiri na kuongezeka uzito kwa kiasi cha theluthi moja, hata faili la megabaiti 20 huzidi megabaiti 26 njiani. Kama seva ya upande wa pili imeweka kikomo cha megabaiti 25, faili hilo litarejeshwa, na mwandishi atashangaa bure.

KUKATALIWA SI UGONJWA

Kuhusu jibu la 5.7.1 mwongozo wasema: "Barua imekataliwa kwa usalama. Kompyuta yako ina virusi." Sentensi ya kwanza ni tafsiri, ya pili ni dhana. Mara nyingi barua hukataliwa si kwa sababu ina ugonjwa bali kwa sababu seva inayopokea haikuweza kuthibitisha imetoka kwa nani. Ulaghai wa kutumia anwani za watu wengine umekuwa mwingi, na walinzi wa milango wamekuwa wakali. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi watimize masharti matatu: mwenye kikoa atangaze orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, barua itiwe alama ya siri inayothibitisha kwamba haikuchezewa njiani, na mwenye kikoa aeleze barua isiyotimiza hayo ifanywe nini.

Mambo haya matatu bado hayana majina yaliyoenea katika Kiswahili, na hujadiliwa kwa vifupisho vya kigeni ambavyo karani hawezi hata kuvitamka. Kwa hilo la pili tunapendekeza neno lakiri. Wazee wetu waliokuwa matarishi wanalijua: ni ile nta nyekundu iliyoyeyushwa juu ya bahasha ili anayeipokea aone kama imefunguliwa. Kazi ni ileile. Kilichobadilika ni nta. Kwa la kwanza tunapendekeza orodha ya matarishi, na kwa la tatu agizo la mwenye kikoa.

Faida ya maneno hayo ni kwamba yanaonyesha pia nani atengeneze. Orodha, lakiri na agizo ni vya mwenye kikoa, si vya karani. Kwa barua za serikali, mwenye kushughulikia ni afisa TEHAMA wa ofisi, naye ana Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019, ya kumwongoza. Karani aliyeambiwa kompyuta yake ina virusi atamwita fundi aifute. Karani aliyeambiwa "lakiri haikuthibitishwa" ataipeleka taarifa kwa afisa anayehusika.

NAMBA, PEPO NA MPIRA

Yapo makosa matatu madogo ambayo tutayapitia kwa haraka.

Kwanza, mfasiri ameziondoa namba zote, bila shaka kwa nia ya kumpunguzia msomaji uzito. Hilo ni kosa. Namba haitafsiriwi, 5.1.1 ni ileile Chunya, Tokyo na Muscat. Ndiyo sehemu pekee ya taarifa ambayo karani na fundi wanaielewa sawasawa hata kama hawaelewani kwa lugha. Sentensi ya Kiswahili ikae kando ya namba, isikae mahali pake.

Pili, jina linaloonekana mahali pa mwandishi wa taarifa hizo, ambalo ni mailer-daemon, limetafsiriwa "Pepo wa Barua". Twaelewa lilikotoka. Wataalamu wa chuo cha MIT mnamo mwaka 1963 walizipa jina hilo programu zinazofanya kazi bila kuonekana, wakikumbuka kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell aliyepanga chembe bila kuchoka. Lakini msomaji wa Chunya hana habari za Maxwell, na barua kutoka kwa pepo huifuta kabla ya kuisoma. Aitwe tarishi. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Taarifa ya tarishi nayo isifutwe kabla haijasomwa. Na ikumbukwe kwamba utaratibu wa intaneti unakitaka kila kikoa kinachopokea barua kiwe na anwani ya postmaster, ya mtu wa kupelekewa malalamiko. Neno postamasta tunalo, na Shirika la Posta Tanzania linaongozwa na Postamasta Mkuu hadi leo. Hakuna haja ya kutafuta lingine.

Tatu, barua iliyorejea inaitwa humo "iliyodunda", na mahali pamoja "iliyogonga mwamba". La kwanza ni mpira uliovuka kutoka Kiingereza. La pili ni pambo la magazeti. Yote mawili yanaficha mtendaji. "Imerejeshwa" yamlazimisha msomaji aulize: na nani, na kwa nini? Hayo ndiyo maswali tunayotaka aulize.

MWONGOZO ULIPONYAMAZA

Yapo pia mambo ambayo mwongozo haukuyagusa kwa kuwa hayakuwamo katika matini ya Kiingereza, nayo ni ya kwetu. Anwani nyingi katika wilaya zetu hupokewa kwa simu, kwa kusomewa. Hapo hatuna istilahi zilizokubaliwa. Mmoja husema nukta, mwingine doti. Kistari cha kati na kistari cha chini vyote huitwa "dashi". Herufi l na r, ambazo baadhi ya wasemaji wa lugha za nyanda hizi huzibadilishana, hazina namna ya kutajwa ila kwa kutoa mfano wa neno. Kisha kuna miisho ya vikoa vyetu: ofisi za serikali ni go.tz, kampuni ni co.tz, asasi ni or.tz, vyuo vikuu ni ac.tz. Aliyezoea anwani za ng'ambo huongeza herufi bila kujua, akaandika gov au com au org mbele ya tz, na barua ikarejeshwa.

Mfasiri wa maelekezo hana budi kuwa pia mhariri wa maelekezo. Matini asilia iliandikwa kwa watu wengine wenye makosa mengine. Tafsiri isiyoongeza makosa ya kwetu ni nusu ya tafsiri.

SEHEMU YETU YA LAWAMA

Baada ya kumkagua mfasiri yatupasa tujikague wenyewe. Tukizitazama orodha za istilahi za kompyuta, zikiwamo tulizoshiriki kuziandaa, tutaona kwamba karibu zote ni orodha za majina: kikoa, seva, kiambatisho, nywila. Tumejadiliana kwa miaka kama kompyuta iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Lakini karani wa Chunya hakupotezewa barua zake na jina la mashine. Alipotezewa na kiwakilishi cha umiliki kilichokosekana. Mwenzake alipotezewa siku tatu na wakati wa kitenzi. Mambo hayo hayamo katika orodha zetu, kwa kuwa tumezoea kudhani istilahi ni nomino, na kwamba vitenzi vitajitunza vyenyewe.

Kwa maoni yetu istilahi haijakamilika mpaka imetiwa ndani ya sentensi ambayo mtu ataitii, na sentensi hiyo ikajaribiwa kwa mtu ambaye hakuitunga. Jaribio lenyewe ni rahisi: asomewe sentensi, kisha aulizwe, "Sasa utafanya nini?" Akijibu vingine kuliko tulivyokusudia, kosa ni letu.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kazi bure, kwa kuwa wataalamu wanakijua Kiingereza. Wataalamu wanakijua; wanaotuma barua ni wengi kuliko wataalamu.

MAPENDEKEZO

Tunawawekea wasomaji maneno yafuatayo wayajadili:

1. Mwandikiwa: mtu ambaye barua imeelekezwa kwake, iwe imefika au haikufika.
2. Taarifa ya kuchelewa: taarifa ya tarishi baada ya jibu la 4. Sentensi yake: "Barua yako haijafika. Seva inaendelea kujaribu. Usitume tena."
3. Taarifa ya kurejeshwa: taarifa ya tarishi baada ya jibu la 5. Sentensi yake: "Barua yako haikufika wala haitajaribiwa tena. Soma sababu hapa chini."
4. Mwandikiwa hajulikani (5.1.1): "Hakikisha jina lililo kabla ya alama ya @."
5. Kikoa hakijulikani (5.1.2): "Hakikisha maneno yaliyo baada ya alama ya @."
6. Kisanduku cha mwandikiwa kimejaa (5.2.2 au 4.2.2): "Mjulishe kwa njia nyingine. Usifute barua zako."
7. Barua ni nzito (5.3.4): "Punguza au gawa viambatisho."
8. Barua imekataliwa (5.7.1): "Mpelekee afisa TEHAMA taarifa hii yote pamoja na namba yake."
9. Lakiri: alama ya siri inayothibitisha asili ya barua na kwamba haikubadilishwa njiani.
10. Orodha ya matarishi: tangazo la mwenye kikoa la seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake.
11. Agizo la mwenye kikoa: tamko lake la jinsi ya kuitendea barua isiyothibitika.
12. Nukta, kistari, kistari cha chini: alama za anwani zinaposomwa kwa sauti.

HITIMISHO

Mwongozo tulioukagua haukosi thamani. Waweza kurekebishwa kwa siku moja, na tungependa ubaki ukutani pale Chunya ukiwa umerekebishwa kuliko uondolewe na kuachwa ukuta mtupu. Yule karani wa pili alituambia kwamba siku hizi hafuti kitu chochote hata akiagizwa na nani. Hatukuweza kumlaumu. Lakini msomaji aliyeacha kuyaamini maelekezo ya Kiswahili ni hasara ambayo orodha ya istilahi haiwezi kuifidia.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa ofisi watuletee taarifa za aina hii wanazokutana nazo, pamoja na maneno wanayoyatumia wao wenyewe wanapoelezana. Yawezekana neno zuri kuliko yetu limekwisha kusemwa na mtu katika chumba cha masjala, nasi hatujalisikia.